Engadin kwa Baiskeli ya Changarawe: Namna ya Kulizunguka Bonde Bila Kukutana na Magari

Engadin ni bonde la mto Inn, kusini-mashariki mwa Uswisi, katika jimbo la Graubünden. Sehemu yake ya juu, kutoka Maloja hadi S-chanf, ina umbo lisilo la kawaida katika milima ya Alpi. Sakafu ya bonde iko kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,650 na 1,815 hivi, sawa na Nairobi, na bado ni pana na tambarare, imejaa maziwa, misitu na malisho, huku vilele vya zaidi ya mita 3,000 vikiisimamia pande zote mbili. Kwingine Alpi, anayetaka kuikaribia barafu ya milimani kwa baiskeli hupanda mpaka miguu ikatae. Hapa unaifikia kwa baiskeli ya changarawe, yaani inayofanana na ya lami lakini yenye tairi pana, kwenye njia inayopanda polepole, na mtu aliyezoea baiskeli kidogo tu anaiweza.

Tatizo ni barabara kuu. Inapita bonde zima, na majira ya joto hujaa magari ya watalii, malori, na misururu ya pikipiki zinazotafuta kona za mapito ya milimani ya Maloja, Julier na Bernina. Wageni wengi wakitazama ramani huona mstari mnene unaounganisha vijiji, wakaufuata, kisha wakarudi kwao wakisema Engadin ni nzuri ila ina kelele. Ng'ambo ya maji, mara nyingi chini ya kilomita moja kutoka hapo, kuna njia ambazo unaweza kuendesha asubuhi nzima usisikie injini isipokuwa trekta la mkulima.

Hatua ya 1: Shika ukingo wa kulia

Hii ndiyo kanuni inayobeba mengine yote. Mto Inn unaanzia juu ya Maloja, kwenye kiziwa cha Lunghin, unapita katika maziwa ya Sils, Silvaplana, Champfèr na St. Moritz, kisha unaelekea kaskazini-mashariki mpaka Austria na Ujerumani, ambako unaingia mto Danube kwenye mji wa Passau. Simama ukitazama kule maji yanakokwenda. Karibu Engadin ya Juu nzima, barabara kuu iko mkono wako wa kushoto. Vijiji vingi navyo viko huko: Silvaplana, Samedan, Bever, La Punt, Madulain, Zuoz, S-chanf. Upande huo unatazama jua, na watu walijenga penye jua.

Upande wa kulia una kivuli zaidi. Uliachiwa misitu ya misonobari na lachi (miti ya jamii hiyo inayopukutisha majani), wafugaji na wakata miti, na barabara zao za changarawe ndizo tunazozitaka. Kwa hiyo ukijikuta kwenye lami na magari yanakupita ubavuni, usihangaike kufungua simu: tafuta daraja la karibu, vuka uende kulia.

Kuna mahali pamoja panapoivuruga kanuni hii, nako ni Punt Muragl, kati ya Samedan na Pontresina, ambapo barabara ya kwenda pito la Bernina inakata kuja upande wetu. Hapo vuka kwa uangalifu, au kwa njia ya chini iliyowekewa baiskeli na watembea kwa miguu pale vibao vinapoionyesha, kisha uendelee kama kawaida.

Hatua ya 2: Chagua mwezi, na uupe mwili siku moja

Njia za sakafu ya bonde kwa kawaida huwa wazi kuanzia Juni hadi mwishoni mwa Oktoba. Ukingo wa kulia, kwa vile una kivuli, hushikilia theluji kwa muda mrefu kuliko vijijini, kwa hiyo usidanganywe na jua la Mei. Mabonde ya pembeni, nitakayoyaeleza mbele, yaache mpaka katikati ya Juni.

Mimi nitakushauri Septemba au wiki mbili za kwanza za Oktoba. Julai na Agosti siku ni ndefu, lakini radi hupiga alasiri na njia hujaa watembeaji. Septemba mbingu hutulia. Oktoba majani ya lachi hugeuka rangi ya dhahabu mlima mzima, na asubuhi unaweza kupita msituni ukiwa peke yako. Baridi ya asubuhi usiichezee hata Agosti: glovu na jaketi jepesi la kuzuia upepo ni lazima, na theluji inaweza kunyesha mwezi wowote wa mwaka.

Kuhusu mwinuko: anayetoka Nairobi, Eldoret au Mbeya hatahisi tofauti kubwa. Anayetoka Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, au anayeishi Ulaya karibu na usawa wa bahari, ataishiwa pumzi mapema siku ya kwanza. Wanariadha wa mbio ndefu hupiga kambi St. Moritz kwa sababu hiyohiyo. Siku ya kufika endesha kilomita chache tu za tambarare, kunywa maji kuliko unavyodhani unahitaji, lala mapema.

Hatua ya 3: Andaa baiskeli kwa mawe, si kwa picha

Tairi la upana wa milimita 40 hadi 45 ndilo linalofaa hapa. Kuna sehemu za vumbi laini ambapo hata tairi jembamba lingepita, lakini kando ya maziwa utakutana na mizizi na mawe yaliyozama nusu ardhini, yenye ncha, na hayo ndiyo yanayotoboa. Mtu wa kilo 70 hadi 75 mwenye tairi la milimita 40 lisilo na tyubu aanzie na mgandamizo wa hewa wa takriban bari 2.3 mbele na 2.5 nyuma. Mikono ikitetemeka sana kwenye usukani, punguza kidogo. Ukisikia rimu inagonga jiwe, umepunguza kupita kiasi. Mwenye tyubu aongeze kidogo, maana tyubu hubanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka.

Gia nyepesi kabisa iwe na meno ya mbele yasiyozidi ya nyuma, kwa ajili ya vipande vifupi vya mwinuko mkali, hasa kuingia bonde la Fex. Breki ziwe za diski, na pedi zikaguliwe kabla ya kuondoka. Beba pampu, tyubu moja ya akiba, viraka, kifaa cha kuungia cheni na chupa mbili za maji. Kengele usiisahau. Maduka ya kukodisha yapo St. Moritz na Pontresina. Sema wazi kwamba unataka baiskeli ya changarawe, la sivyo utapewa ya mlima iliyo nzito au ya lami yenye tairi nyembamba.

Hatua ya 4: Jifunze vibao vitatu na mistari miwili

Uswisi njia haimwambii mtu kwa upana wake kama anaruhusiwa. Kibao ndicho kinachosema.

Kibao cha duara, ukingo mwekundu, ndani cheupe kitupu: magari yote yamekatazwa, na baiskeli imo. Unaweza kushuka na kuisukuma, lakini usiiendeshe, isipokuwa chini yake pameandikwa kwamba baiskeli zimeruhusiwa. Kibao cha duara jekundu chenye picha ya gari na pikipiki: hicho ni rafiki yako. Vyombo vya moto vimekatazwa, baiskeli ya miguu inapita, na njia zetu nyingi huanza kwa kibao hicho. Cha tatu ni duara jekundu lenye picha ya baiskeli, na hakihitaji maelezo. Wenye baiskeli za umeme zinazofika kilomita 45 kwa saa, zile zenye namba ya usajili, wasome sheria zao kwanza, kwani hazihesabiwi sawa na za kawaida.

Mbali na hivyo, vibao vya njano vinaelekeza watembea kwa miguu, na vyekundu vyenye picha ya baiskeli vinatuelekeza sisi. Namba 6 kwenye kisanduku cha buluu ni njia ya kitaifa ya Graubünden, inayotoka Chur na kushuka Engadin mpaka Martina, mpakani mwa Austria. Ukiona kibao cha njano chenye ncha ya rangi nyeupe, nyekundu na nyeupe, ujue hiyo ni njia ya miguu ya mlimani, na baiskeli yetu haina raha huko.

Kwa ramani, pakua programu ya swisstopo, idara ya ramani ya serikali ya Uswisi. Ni bure na ina usahihi wa hali ya juu. Mstari mwembamba usiokatika ni njia ambayo kwa kawaida baiskeli ya changarawe inaimudu. Mstari wa vipande vipande ni kijia cha miguu. Nikipanga safari, kitu cha kwanza ninachokifanya ni kupitisha kidole changu juu ya mstari usiokatika na kuona unavunjikia wapi. Hapo panapovunjika ndipo utakaposhuka kusukuma, na ni afadhali ujue ukiwa mezani. Hifadhi ramani kwenye simu kabla ya kutoka, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea.

Hatua ya 5: Maziwa asubuhi, upepo mchana

Njia ya kwanza ya kuonja ni ya maziwa, kutoka St. Moritz hadi Maloja, takriban kilomita 17 kwenda. Kabla ya ramani, jifunze upepo.

Katika mabonde mengi ya Alpi, jua likipanda, hewa yenye joto hupanda kutoka chini kwenda juu ya bonde. Engadin ya Juu hufanya kinyume. Pale Maloja bonde halina ukuta. Linakatika ghafla, na upande wa pili ardhi inaporomoka kuingia bonde la Bregaglia kuelekea Italia. Hewa iliyopata joto Bregaglia inapanda, inavuka ukingo ule mfupi wa Maloja, kisha inamiminika kushuka Engadin. Wenyeji wanauita upepo wa Maloja. Siku ya jua huanza karibu na saa tano au saa sita mchana, na ndio unaowavuta wachezaji wa matanga ziwani Silvaplana.

Kwa mwendesha baiskeli, maana yake ni moja: nenda Maloja asubuhi maji yakiwa yametulia kama kioo, rudi mchana ukisukumwa mgongoni. Anayeondoka saa saba mchana kwenda Maloja atapambana na upepo usoni njia nzima, na kilomita zilezile zitamchosha maradufu.

Anzia St. Moritz Bad, sehemu ya chini ya mji karibu na ziwa. Ingia msituni upande wa kulia wa maji (kumbuka, tunauhesabu kwa kutazama mto unakoelekea, kwa hiyo ukienda Maloja utakuwa na maziwa mkono wako wa kulia na mlima kushoto). Njia ni pana, changarawe iliyoshindiliwa, inapanda na kushuka kidogo kati ya miti hadi ziwa la Champfèr na kijiji cha Surlej. Kutoka Surlej inaendelea ukingoni mwa ziwa Silvaplana hadi Sils Maria. Barabara kuu utaiona ng'ambo, magari yakiwa madogo na bila sauti.

Baada ya Sils mambo hubadilika. Ziwa Sils ndilo kubwa kuliko yote, na mlima upande wetu unaingia karibu majini. Kati ya Sils na kijiji kidogo cha Isola kuna kipande ambapo njia inakuwa nyembamba, ina mawe na mizizi, na watembea kwa miguu ni wengi. Hapo shuka na usukume. Ni kipande kifupi, na ni kizuri mno kukipita kwa haraka. Ukifika Isola, malisho yanafunguka na barabara pana ya changarawe inakupeleka hadi Maloja. Asiyetaka kusukuma apande basi la njano la posta kutoka Sils hadi Maloja, aendeshe hadi Isola na kurudi. Ila usiingie barabara kuu ya ukingo wa kushoto kwa kufikiri unaokoa muda. Ni nyembamba, ina kona zisizoonyesha mbele, na mabasi hupita karibu mno.

Maloja ukifika, sogea mpaka ukingoni utazame kona za barabara zikijikunja kushuka Bregaglia. Kwenye mlima ulio juu yako, kwenye pito la Lunghin, maji ya mvua hugawanyika njia tatu: mengine yanakwenda Bahari Nyeusi kwa Inn, mengine Bahari ya Adria, mengine Bahari ya Kaskazini kwa mto Rhine.

Hatua ya 6: Mabonde yaliyofungiwa magari

Hapa ndipo moyo wa Engadin ulipo. Bonde kuu lina matawi, na baadhi yake yamefungwa kwa magari ya wageni. Anayetaka kuingia hutembea, hupanda gari la farasi, au huendesha baiskeli.

Val Roseg ndilo la kuanza nalo, na kama una siku moja tu Engadin nzima, siku hiyo ipeleke huko. Shuka treni Pontresina. Njia inaanzia karibu kabisa na stesheni. Ni takriban kilomita 7, na unapanda kama mita 200 tu. Nusu ya kwanza iko msituni, na kijito cha Roseg kinanguruma pembeni. Maji yake yana rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu, kwa sababu barafu inasaga mwamba kuwa unga na maji yanaubeba. Kisha miti inapungua, ardhi inalala, kijito kinatawanyika kuwa mikono mingi juu ya kokoto nyeupe, na mbele yako ukuta mzima wa barafu na vilele unasimama. Mlima Bernina wenyewe, mita 4,049, mrefu kuliko yote katika Alpi ya Mashariki, uko nyuma ya bega la kushoto. Mwisho wa barabara ya farasi kuna hoteli, kwenye mita 2,000 hivi, na meza yake ya vitamutamu inajulikana bonde zima. Kuanzia hapo ni njia za miguu. Funga baiskeli uendelee kwa miguu kama una nguvu.

Farasi wanahitaji neno la pekee, maana barabara ni yao kabla ya kuwa yako. Mkikutana uso kwa uso, simama kabisa upande wa bonde, weka mguu chini na useme kitu kwa sauti ya kawaida, salamu tu inatosha. Farasi akisikia sauti ya mtu hutambua kwamba kile kitu chenye magurudumu ni binadamu. Ukiwa nyuma yao usipige kengele ghafla. Ongea na mwendeshaji kutoka mbali, subiri akupungie mkono, ndipo upite polepole ukimwachia farasi nafasi. Barabara hiyo ndiyo ya baiskeli; watembea kwa miguu wana kijia chao, na hicho tuwaachie.

Val Fex linaanzia Sils Maria. Mlango wake ni mgumu: mwinuko mkali mfupi kando ya korongo, na sehemu za chini zina lami. Baada ya hapo ni vitongoji vidogo, kanisa dogo jeupe la Crasta, malisho yenye maua Julai, na changarawe kuelekea kichwa cha bonde. Wakazi wana vibali vya magari, kwa hiyo usishangae kukutana na gari moja la mkulima.

Val Bever ni la wanaoanza na wenye watoto. Kutoka stesheni ya Bever ni karibu kilomita nne na nusu hadi Spinas, na unapanda kama mita 100. Reli inakwenda sambamba nawe, treni nyekundu zinapita, kisha zinazama ndani ya handaki la Albula. Handaki la kwanza lilifunguliwa mwaka 1903, na jipya lililochimbwa pembeni yake likaanza kazi mwaka 2024. Njia hiyo ya reli, pamoja na ya Bernina, imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2008. Ukipita Spinas reli inaishia mlimani na bonde linakuwa kimya ghafla. Barabara ya wafugaji inaendelea juu, ikizidi kuwa na mawe. Endelea mpaka miguu iseme basi, kisha geuza.

Kuunganisha Pontresina na St. Moritz, usishuke barabarani. Pita msitu wa Staz, kando ya kiziwa cha Staz. Ni njia fupi, ina watembeaji wengi, kwa hiyo endesha taratibu. Mchana wa Agosti maji yake yanaogeleka.

Hatua ya 7: Kufuata mto hadi S-chanf, na zaidi

Kutoka Samedan kushuka na Inn hadi S-chanf ni karibu kilomita 15, na mteremko ni mdogo mno. Unapita kando ya uwanja wa ndege wa Samedan, kisha kiziwa cha Gravatscha, ambako mto umerudishiwa nafasi ya kutanda na ndege wa majini wamejaa. Hapo watu huja na darubini. Punguza mwendo, na usiache njia kuingia nyasini. Baadaye ni malisho, madaraja ya mbao, kijiji cha Chamues-ch upande wetu, na Zuoz ikionekana juu kushoto, nyumba zake zikiwa na kuta nene na michoro iliyokwaruzwa kwenye lipu. Inafaa kuvuka mto na kupanda ili kuiona. Kila kijiji kina chemchemi ya maji yanayotiririka mchana kutwa kwenye birika la jiwe au mbao. Jaza chupa kwenye mfereji, si kwenye birika, na ukiona kibao cha Kein Trinkwasser acha, hayo si ya kunywa.

S-chanf una chaguo mbili. Ya kwanza: pinda kulia na kupanda kwa barabara ya changarawe hadi kibanda cha Varusch, mlangoni mwa Val Trupchun. Bonde hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Uswisi, iliyoanzishwa mwaka 1914. Ndani ya hifadhi baiskeli hairuhusiwi, mbwa haruhusiwi, na kuacha njia hakuruhusiwi. Funga baiskeli Varusch, uingie kwa miguu. Mwishoni mwa Septemba kulungu madume huwa wanaguruma bonde zima wakigombea majike, na sauti hiyo inastahili safari yote.

Chaguo la pili ni kuendelea hadi Zernez. Lakini ujue kwamba utambarare umekwisha. Bonde linabana, njia inaingia msituni, inapanda na kushuka kwa ghafla, na mizunguko ya kupita Cinuos-chel na Brail itakudai nguvu. Kwa mwenye mazoezi ni kipande kitamu. Kwa asiye nayo, S-chanf kuna stesheni.

Hatua ya 8: Ng'ombe, nyaya na malango

Njia nyingi hizi zinapita malishoni. Ukikuta uzi wa umeme umekatiza njia, una mpini wa plastiki wenye springi. Shika mpini peke yake, uvute kuelekea pale ndoano yake iliposhikia, ufungue, upite na baiskeli, kisha uirudishe ndoano mahali pake papo hapo. Usiulaze uzi chini ukidhani utarudi. Ng'ombe akitoka, mkulima atamtafuta mpaka usiku.

Ng'ombe wenye ndama wapite kwa mbali na bila kuwakatia kati ya mama na mtoto. Mbwa wakubwa weupe wanaolinda kondoo wakikujia wakibweka, shuka, weka baiskeli kati yako na wao, simama tulivu, kisha tembea taratibu ukizunguka kundi. Kukimbia kwa baiskeli ndiko kunakowachochea.

Na salimia watu. Hapa husema Allegra, na ukiisema kabla hujawafikia, hutahitaji kengele mara nyingi.

Hatua ya 9: Treni, chakula, na simu ya dharura

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania na Uganda wanahitaji viza ya Schengen, na hiyo ianze kushughulikiwa mapema. Kutoka Zürich unabadilisha treni Chur, kisha treni nyekundu za Rhätische Bahn zinakufikisha Engadin. Baiskeli inakatiwa tiketi yake, na inaingia kwenye behewa lenye picha ya baiskeli mlangoni. Panda treni za kawaida. Zile za kitalii zenye madirisha hadi darini si za baiskeli. Reli hii inaubadilisha mpango mzima, kwa sababu unaweza kushuka na mto siku nzima bila kuwaza kurudi.

Chakula mgahawani ni ghali. Nunua mkate na jibini dukani kijijini, na kipande cha keki ya Engadin ya jozi na karameli, ambayo haiharibiki mfukoni na kipande kimoja kinatosha kupandia Fex. Jumapili maduka mengi hufungwa, kwa hiyo nunua Jumamosi.

Hifadhi namba hizi: 144 kwa gari la wagonjwa, 112 kwa dharura yoyote, na 1414 ya Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta, lenye kituo palepale Samedan. Hakikisha bima yako inalipia uokoaji wa milimani kabla ya kusafiri.

Mpangilio wa siku tatu

Siku ya kwanza: Bever hadi Spinas na kurudi, mwili uzoee. Siku ya pili: saa mbili asubuhi uwe njiani kutoka St. Moritz kwenda Maloja, urudi na upepo. Kama miguu bado ipo, pinda Sils Maria uingie Fex. Siku ya tatu: asubuhi na mapema Roseg kabla magari ya farasi hayajawa mengi, chakula cha mchana Pontresina, kisha kupitia Punt Muragl ufuate mto hadi S-chanf na urudi kwa treni. Kwenye stesheni ndogo za bonde hili treni nyingi husimama kwa kuombwa tu. Tafuta kitufe kwenye jukwaa, ukibonyeze mapema, na usimame pale dereva atakapokuona wewe na baiskeli yako.